Vidole Vitatu Kuelekea Birika

2 Desemba. Baridi kavu, ziwa limetulia.

Mashine ya Baba ya kutafutia samaki imekufa leo asubuhi tukiwa bado hatujatoka bandarini. Naandika "tukiwa" kwa mazoea tu, nilikuwa peke yangu. Skrini ilipepesa mara mbili, ikawa nyeusi, na miaka ishirini na sita ya sehemu zake zote za kutegea nyavu ikaondoka nayo.

Limebaki daftari. Kila sehemu ina namba, kuanzia moja hadi sitini na moja, na mbele yake vipimo vya kaskazini na mashariki kama mashine ilivyovisoma, kisha maneno machache kwa mwandiko wa Baba: "matope laini, Januari", "mwamba, usitupe nyavu", "moroko wengi baada ya theluji". Ningemuuliza zaidi, lakini kiharusi cha Mei kilimpoozesha mkono wa kulia na kikamwachia neno moja tu. Neno lenyewe ni "Siyo". Analitumia kwa hapana, kwa ndiyo, kwa uji wa moto na kwa taarifa ya habari.

Niandike pia ninachokitafuta, nisije nikakisahau katikati ya baridi. Kibali cha Baba cha nyavu za moroko, samaki wadogo wa ziwani humu, kinaisha Machi. Ushirika wa wavuvi umesema kitahamia kwangu nikishusha moroko hapa bandarini kwa jumla ya siku arobaini kufikia mwisho wa tarehe 20 Machi. Nikishindwa kitarudishwa, na mashua isiyo na kibali ni ya kuuzwa. Nimeacha kazi Osaka, ambako kwa miaka kumi na tisa niliwarekebishia wazee vifaa vya kusaidia masikio. Sina pa kurudi. Na hata ningekuwa napo, nisingetaka.

5 Desemba. Manyunyu.

Dukani kwa Bwana Wakisaka, Hikone. Ni mtu mwembamba, anazipenda mashine zake hadi anazifuta vumbi wakati anamsikiliza mteja. Alinipangia tatu mezani.

"Hii, dada, inaona pembeni mita hamsini kila upande. Hata ukidondosha kijiko, utakiona."

"Sitafuti kijiko."

"Basi hii. Skrini yake kama televisheni ya sebuleni."

"Bwana Wakisaka, samaki wangu ana urefu wa kidole. Kipindi cha baridi analala mita sitini chini, tumbo limegusa matope. Nipe mashine inayojua tofauti ya tumbo na matope."

Akaiweka kando ile ya televisheni. "Kumbe unajua unachotaka!"

Sijui hata kidogo. Nimejua kusema tu.

Nimechukua ya katikati. Inapiga sauti mbili majini: nzito, inayofika mbali lakini inachanganya vitu, na kali, inayofifia mapema lakini inatenganisha. Tena inachora ramani ya chini ya ziwa kadiri mashua inavyopita juu yake. Tuliziingiza namba zote za daftari pamoja, mimi nikisoma, yeye akibonyeza. Ilituchukua saa mbili na machenza matano.

6 Desemba. Upepo. Sikutoka.

Nimekaa nikizipitia namba kwenye skrini. Kuanzia mbili hadi sitini na moja ziko majini. Namba moja iko nchi kavu. Nikadhani tumekosea kuandika, nikalinganisha na daftari tarakimu kwa tarakimu. Hakuna kosa. Nikaivuta picha karibu. Namba moja iko kwenye makaburi nyuma ya hekalu, pale kwenye safu yetu, alipolazwa Mama miaka tisa iliyopita. Daftarini haina maneno mbele yake, duara dogo tu.

Siku ya mazishi Baba hakutoa hata chozi. Alirudi nyumbani akavua suti, akaanza kushona nyavu. Miaka tisa nimemwekea kinyongo kwa jambo hilo. Na kumbe ameandika kaburi la mkewe kabla ya samaki wote. Nimelia jikoni hadi wali ukaungua.

9 Desemba. Tulivu.

Kurekebisha mashine. Nilianza kwa kosa lile lile la wazee wangu wa Osaka, ambao wakishindwa kusikia wanataka sauti iongezwe. Nikaongeza nguvu ya kusikia hadi mwisho, skrini ikajaa chengachenga kutoka juu hadi chini. Nikapunguza taratibu, kidogo kidogo, hadi maji yakawa meusi na sakafu ya ziwa ikabaki mstari mmoja safi. Nikaizima sauti nzito. Nikakuza picha ya mita tano za mwisho. Sasa angekuwepo moroko pale, ningemwona.

Nimetupa nyavu namba 14 alasiri.

10 Desemba.

Nimevuta alfajiri. Matope.

Mzee Isokichi alikuwa anafunga mashua yake kando ya yetu. Ana miaka sabini na minane na mdomo usio na breki.

"Chizu! Nasikia umenunua televisheni ya majini. Leo kulikuwa na kipindi gani?"

"Matope, Mzee."

"Aa, marudio. Hayo walishayaonyesha mwaka jana."

13 Desemba. Namba 9. Matope.

14 Desemba. Namba 33, "moroko wengi baada ya theluji". Theluji imeanguka usiku kucha. Matope, na kopo.

18 Desemba.

Moroko! Si kwenye namba yoyote, nilikuwa narudi tu nimekata tamaa, mashine ikaonyesha ukungu mwembamba juu ya sakafu. Nimeshusha leo kilo mbili na kitu. Siku ya kwanza kuhesabiwa. Karani wa ushirika aliupiga mhuri kwa uangalifu mno, kana kwamba anaogopa kuumiza karatasi.

Nilimchomea Baba sita juu ya makaa, vichwa vimeelekezwa chini kwenye wavu wa kuchomea kama anavyopenda. Alikula wote.

"Watamu, Baba?"

"Siyo."

31 Desemba. Theluji.

Siku nne tu zimehesabiwa. Zote za kubahatisha, hakuna hata moja iliyotoka kwenye daftari. Nimejaribu namba kumi na saba. Sielewi. Ama moroko wamehama, ama mimi sijui kusoma, ama daftari si daftari.

1 Januari.

Supu ya mochi, keki zinazonata za wali uliopondwa. Za Baba nilizikata ndogo kama punje za mahindi, akaniangalia kwa hasira. Sikutoka.

10 Januari. Barafu kwenye kamba.

Nilimpelekea Bwana Wakisaka kadi ya mashine. Amenichapia karatasi kubwa yenye pwani yetu na ramani ya chini ya ziwa niliyokwisha kuichora, kisha namba za Baba tu kwenye plastiki inayoonyesha, ya kuwekwa juu ya karatasi. "Rangi zikiwa nyingi mzee atachanganyikiwa," alisema. Namshukuru kwa kufikiria hivyo.

Niliitandaza kwenye meza ya joto, Baba akiwa amefunika magoti kwa blanketi lake. Sehemu ya juu ya ramani, kona ya kushoto, ndiko kwenye kisiwa cha Chikubu, na upande huohuo wa chumba ndiko liliko jiko la mafuta na birika lake. Nikamwonyesha namba 14.

"Baba, hapa kuna nini?"

Aliitazama plastiki kwa muda mrefu sana. Kisha kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akaisukuma. Akaisukuma kuelekea birika.

"Unataka chai?"

"Siyo."

Kwa kuwa siyo yake ni ndiyo pia, nikamimina chai. Aliinywa huku amenikazia macho.

12 Januari.

Nimemwonyesha tena, na tena akaisukuma. Chai.

15 Januari. Jua la kudanganya.

Siku ya tano imehesabiwa jana, nayo ya bahati. Leo Mzee Isokichi alinisubiri kwenye ngazi za bandari, kofia mkononi. Nikajua kuna jambo, maana hajawahi kuivua hiyo kofia.

"Chizu, sikiliza. Baba yako na mimi hatukuwahi kuambiana sehemu zetu miaka hamsini. Lakini nakuona unavyorudi. Andika." Akanisomea namba kutoka kwenye kipande cha boksi la sigara. "Hapo hata mtoto mchanga anapata. Ila usimwambie mtu, hasa mke wangu, atasema nimezeeka."

Nilikaribia kumkumbatia.

16 Januari.

Nimetupa kwenye namba ya Mzee Isokichi. Matope. Matope matupu, laini, safi, yasiyo na hata kopo.

Kwa hiyo ni mzaha. Alivua kofia ili mzaha ukolee.

19 Januari. Ukungu.

Kuna jambo jipya. Mara kwa mara skrini inapitiwa na vidoti vya kukatiza, vimepangwa mlalo mmoja baada ya mwingine. Nilimpigia simu Bwana Wakisaka. Anasema ni mashine ya mashua nyingine iliyo karibu, inapiga sauti sawa na yangu. Kwa hiyo mtu yuko nyuma yangu kwenye ukungu. Na mashine ya sauti hiyo hapa bandarini ni ya Mzee Isokichi. Ananifuata ili akawachekeshe wenzake.

24 Januari.

Nitaandika yote kabla sijalala.

Daftari kwenye namba 30 linasema: "Matope safi, tupa bila wasiwasi." Nilitupa jana bila wasiwasi. Leo alfajiri theluji ilikuwa nyembamba, milima haionekani, wala mnara wa kiwanda cha nguo ambao Baba alikuwa akiulinganisha na milima kujua alipo haupo, waliuvunja zamani. Nilianza kuvuta. Sehemu ya kwanza ilikuja vizuri. Kisha kamba ikakaza, ikawa ngumu kama chuma. Wavu umenasa. Nikapunguza winchi, nikazungusha mashua, nikajaribu kuvuta kutoka upande mwingine kama nilivyowahi kumwona Baba akifanya. Wimbi likainua mashua wakati kamba haiwezi kuinuka, mkia ukashuka, maji yakaingia hadi kwenye vifundo vya miguu. La pili likaingia hadi kwenye magoti. Nilitafuta kisu. Kisu kilikuwa kwenye ala yake kiunoni na mimi nilikuwa nakitafuta kwenye sanduku. Hadi sasa sijui nilikitafuta kwa muda gani. Nilikuwa naona skrini, na kwenye skrini vile vidoti vya kukatiza vinazidi kuwa vingi.

"Kata!" Mtu anapiga kelele ndani ya theluji. "Kata, mjinga wewe! Wavu unanunuliwa!"

Nikagusa kiuno, nikakata. Mashua iliruka juu. Mashua ya Mzee Isokichi ikatokea upande wa kushoto, karibu kiasi cha kuona uso wake ulivyokuwa mweupe.

"Nani amekwambia utupe juu ya Meno?" Meno ni jina wanaloiita ile safu ya miamba. "Kila mtu anajua Meno!"

"Daftari la Baba. Ameandika matope safi."

"Yasuzo? Haiwezekani. Yasuzo hawezi kuandika hivyo. Hebu nisogelee nione hiyo mashine yako..."

"Umeshacheka vya kutosha, Mzee."

Alinisindikiza hadi bandarini, na mimi sikumshukuru.

Nilimkuta Baba kwenye meza ya joto, plastiki na ramani bado viko mbele yake. Nilikuwa nimelowa hadi kifuani. Nilisema mambo ambayo nayaandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba sikuyasema. Nilisema ameandika namba za uongo makusudi. Nilisema tangu nilipokwenda Osaka hakutaka niishike mashua, na kwamba angefurahi ife naye. Nilisema kitu cha kweli alichowahi kuandika ni ile namba moja ya makaburini tu.

Alikuwa anasema "Siyo, siyo, siyo," na mkono wa kushoto unasukuma plastiki, inateleza, inakaribia kuanguka.

"Jimiminie chai mwenyewe!" nikamwambia. Mtu mwenye mkono mmoja.

25 Januari. Sikutoka.

26 Januari. Sikutoka.

29 Januari.

Nimetoka kwa kuwa kukaa ndani naye ni kugumu zaidi. Bahati, siku ya sita. Hatusemi. Namlisha, namfuta, hatusemi.

Jioni nilipita makaburini, nikafuta theluji kwenye jiwe la Mama. Nilimwuliza nani kati yetu amechanganyikiwa.

2 Februari. Siku ya saba. Nahitaji thelathini na tatu, na zimebaki siku arobaini na sita. Hata nikihesabu kwa vidole na vidole vya Baba, haifiki.

3 Februari. Setsubun. Baridi, hakuna upepo.

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Leo ni siku ya kurusha soya na kula mviringo wa wali uliozungushiwa mwani. Mama alikuwa mkali kwa hili: unakula mviringo mzima, umetazama upande wa heri wa mwaka, na hairuhusiwi kusema neno hadi umeze tonge la mwisho, la sivyo heri inamwagika. Nilitengeneza miwili. Wa Baba nikaukata vipande laini, Mama atanisamehe. Upande wa heri mwaka huu ni kaskazini, umekosea kidogo tu kwenda magharibi. Nikatoa simu nitafute upande. Ni upande wa birika.

Kwa hiyo tukakaa wawili, baba na binti wasiosemeshana, tunalitazama birika na kutafuna. Ramani ilikuwa bado mezani. Tangu ile siku hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Baba alimaliza kwanza. Mimi nilikuwa bado katikati, mdomo umejaa tango na yai. Akanyoosha mkono wa kushoto akaanza kuisukuma plastiki. Neno "chai" likanijia kooni, nikalirudisha kwa sababu ya Mama. Na kwa kuwa siwezi kusema, nikaangalia.

Hakuwa anaitupa. Mtu anayetupa kitu hakiangalii. Yeye aliinamisha uso karibu nayo, akaisogeza polepole, akasita, akairudisha kidogo, akasita tena. Kisha akaikandamiza kwa kiganja. Ilikuwa imesogea vidole vitatu.

Namba 22, "mwamba, usitupe nyavu", ilikuwa imekaa juu ya Meno. Juu yake barabara, pale ramani yangu mwenyewe ilipochora kilima kilichonilia wavu. Namba 14 ilikuwa imekaa ndani ya bonde ambalo sijawahi kutupa. Namba 33 pembeni ya mteremko. Zote sitini zilikuwa zimepata mahali pa kukaa, kama watu waliokuwa wamekaa kwenye viti visivyo vyao. Na namba moja haikuwa makaburini tena. Ilikuwa mdomoni mwa bandari yetu, kati ya taa nyekundu na taa nyeupe.

Bandari. Namba ya kwanza ambayo kila mvuvi huiingiza kwenye mashine mpya. Haina maneno kwa kuwa haihitaji.

Nilitafuna haraka nusura nipaliwe. Baba alinishika kifundo cha mkono, mkono wake una nguvu bado. Nikameza.

"Unataka zisogezwe," nikasema. "Zote. Upande huu. Hukuwa unataka chai."

"Siyo," akasema Baba, na machozi yakamtoka, na kicheko pia.

Zaidi ya wiki tatu anazungumza nami kwa sentensi nzima. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikiwaambia watoto wa wateja wangu: mzee wako akisema jambo moja mara tatu, usiongeze sauti, tazama anachokifanya. Nimeona aibu hata ya kumwomba msamaha. Nimemwomba hata hivyo.

Bado sielewi kwa nini zimesogea.

4 Februari.

Nilikwenda kwa Mzee Isokichi na chupa ya pombe, kama inavyopasa. Alinisikiliza mlangoni, hajanikaribisha. Nilipofika kwenye vidole vitatu, akajipiga paji la uso kwa kofia.

"Mungu wangu. Dunia mpya!"

"Dunia gani?"

"Ingia, ingia, unaingiza baridi." Akaniketisha. "Zamani Japani ilikuwa na vipimo vyake yenyewe vya dunia. Mwaka 2002 serikali ikahamia vipimo vya dunia nzima. Namba ile ile ukiiweka kwenye vipimo vya sasa inakuangusha mita mia nne na ushei upande wa mlima Ibuki. Ni mpangilio tu ndani ya mashine. Sisi wazee hatukuubadilisha, nani aandike daftari upya? Bandari nzima tunaishi kwenye dunia ya zamani, tunatumia namba za zamani, mashine za zamani, tunaelewana. Nikasahau kwamba kuna nyingine."

"Na ile uliyonipa..."

"Ndiyo sehemu yangu nzuri kuliko zote! Nikashangaa, nikasema mtoto huyu ana mkosi gani? Nikaanza kukufuata nikuone unavyotupa."

"Nilidhani unanifuata ili unicheke."

"Kucheka nacheka bandarini, bure kabisa. Mafuta ya mashua ni ghali kwa kucheka tu." Akafungua chupa. "Na usiku ule wa tarehe ishirini na nne sikulala, kama unataka kujua."

Nilimwinamia hadi paji la uso likagusa mkeka. Akaniambia niinuke, namharibia mkeka.

Bwana Wakisaka kwenye simu aliomba radhi mara kumi na moja. Kijana wa watu, alikuwa darasa la pili mwaka ule. Amenionyesha pa kubadilisha. Nimeiambia mashine ifuate dunia ya zamani, kisha, kwa kuwa zilizomo hazihami zenyewe, nimeanza kuingiza namba upya, moja moja. Nimeanzia mwisho, sitini na moja, nikashuka.

Nimefika namba mbili nikaacha. Nimechoka, nimejiambia.

6 Februari. Namba 14. Kilo kumi na moja.

7 Februari. Namba 14. Tisa.

8 Februari. Namba 33, baada ya theluji, kama alivyosema. Sikuweza kuinua kreti peke yangu. Mzee Isokichi: "Leo televisheni ina kipindi kizuri!"

20 Februari. Siku ya kumi na tisa. Vidole vimepasuka, nalala kama gogo.

Lakini kuna jambo linanisumbua, na ni la kijinga. Nimepata samaki wote, nimempoteza Baba mmoja. Yule aliyeliandika kaburi la Mama kabla ya kila kitu hakuwahi kuwepo. Daftari lilianza Mama akiwa hai, anapika, anamgombeza kwa viatu vya matope. Nilijua hilo tangu Desemba, wino wenyewe umefifia. Sikutaka kulijua. Sasa narudi kwa yule wa zamani, anayetoka mazishini kushona nyavu, na sijui nimfanye nini.

11 Machi. Joto la kwanza.

Siku ya thelathini na tatu. Leo nimemchukua Baba. Mimi na Mzee Isokichi tulimbeba kwenye kiti hadi ndani ya mashua, Mzee akilalamika kwamba Yasuzo amenenepa kwa uvivu. Milima ilikuwa wazi. Baba hakuitazama skrini hata mara moja. Alitazama Ibuki, akatazama Chikubu, akainua mkono wa kushoto: kulia kidogo, mbele, simama. Nikasimama. Nikatazama mashine. Tulikuwa juu ya namba 14, tumekosea kwa urefu wa mashua.

Tulipokuwa tunatoka, mdomoni mwa bandari, aligeuka nyuma. Nilifikiri anaangalia mawimbi yetu. Alikuwa anaangalia paa la hekalu, ambalo kutoka pale linaonekana vizuri, na chini yake mawe. Aliinamisha kichwa, mara moja, kifupi, kama mtu anayemuaga aliyeko jikoni. Mzee Isokichi, ambaye alikuwa nasi, hakushangaa.

"Hufanya hivyo kila anapotoka," aliniambia baadaye, tukifunga kamba. "Miaka tisa. Wewe hukujua?"

Sikujua.

17 hadi 20 Machi. Upepo wa mwisho wa baridi, siku nne mfululizo. Hakuna mashua iliyotoka. Nimebaki kwenye thelathini na nane.

24 Machi. Kikao cha ushirika.

Mwenyekiti alisoma sharti, akasoma idadi yangu, akavua miwani. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiria mashua itauzwa wapi.

Mzee Isokichi akasimama, kofia mkononi. "Siku nne za mwisho nani alitoka humu? Ainue mkono." Hakuna. "Mimi ni mvuvi miaka sitini na sikutoka. Basi mnyang'anyeni na mimi kibali."

"Isokichi, sharti ni sharti."

"Tena karibu miezi miwili alikuwa anavua kwenye dunia nyingine, na hata huko alipata siku saba. Nani kati yenu angepata?"

Walicheka hadi mwenyekiti akapoteza karatasi yake. Walipiga kura kwa mikono. Kibali kimehamia kwangu.

25 Machi. Maua ya cherry bado, labda wiki ijayo.

Nimemsomea Baba kibali mara mbili. "Siyo," amesema, na nimemwelewa.

Bwana Wakisaka alikuja kukagua mashine kabla ya msimu mpya. Alipitia namba zote, akaridhika, kisha akasita.

"Dada, hii namba moja umeisahau. Bado iko makaburini. Nikurekebishie?"

Nikamwambia aiache. Bandari nitaiona hata nikifumba macho.